Mshahara wa Kwanza wa Tusajigwe

Hapo zamani, wala si mbali sana, watu wazima watatu walikuwa wanagombania shilingi laki sita na elfu arobaini. Fedha imo ndani ya bahasha ya kaki, bahasha iko juu ya stuli, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mwenye bahasha, binti aitwaye Tusajigwe, alisimama mlangoni. Mikono aliificha ndani ya kitenge.

"Yangu," alisema mama yake, Bi. Subilaga.

"Samahani, mama, hiyo ni yangu," alisema Mwalimu Asegelile wa chuoni.

"Ni yangu," alisema Mzee Lwitiko, msimamizi wa wachimbaji, aliyekuwa ameunyoosha mguu wake juu ya kigoda, umefungwa vitambaa, umevimba kama boga.

Wote watatu walisema kweli. Kila mmoja aliahidiwa, na aliyewaahidi ni yule yule mmoja. Kwao mshahara wa kwanza hauliwi na aliyeupata. Hupelekwa mzima kwa mtu aliyemfungulia njia. Haumegwi. Ukiumega, wanasema, na kazi yako humegeka, hufikishi mwaka. Tusajigwe alilijua hilo tangu mtoto. Lakini hofu ikimshika, mdomo wake ulikuwa unatangulia. Sasa sikilizeni alivyoahidi kitu kimoja mara tatu.

Alikwenda chuoni kusoma historia. Majirani walimcheka, wakamuuliza atamtibu nani kwa historia. Mama yake naye alitaka asomee uuguzi, akanuna, kisha akamwacha. Mwaka wa pili majina ya wasiomaliza ada yakabandikwa ubaoni, jina la Tusajigwe likiwa la tatu, na walinzi wakapewa nakala ili wasimruhusu mtu wa orodha ile kuingia kwenye mtihani. Alipiga simu nyumbani kwa hofu. Bi. Subilaga alikuwa na mabati arobaini, kayanunua mojamoja kwa miaka minane ya kuuza ndizi, yanangoja nyumba. Aliyauza yote asubuhi moja.

"Mama," Tusajigwe alisema kwenye simu, "mshahara wangu wa kwanza ni wako."

Hiyo moja.

Mwaka wa tatu ikaja hofu nyingine. Wenzake wa uhasibu walikuwa na pa kwenda. Wale wa historia, wa lugha na wa falsafa walitembea chuoni kama washtakiwa wanaongoja hukumu. Tusajigwe aliacha kula. Mjomba wake alipokuja kumtembelea, alijificha bafuni saa nzima ili asiulizwe atafanya kazi gani. Mwisho wa korido palikuwa na ofisi ya Mwalimu Asegelile, mshauri wa wanafunzi kuhusu kazi, na wanafunzi waliiogopa kuliko chumba cha mtihani, kwa sababu mle ndani ndimo swali lenyewe lilimokaa. Siku aliyoingia, aliingia kwa kuwa hakuwa na pengine pa kukimbilia.

Mwalimu hakumuuliza anataka kuwa nani. Alimuuliza, "Unafanya nini bila kutumwa?"

Tusajigwe aliona aibu. Akasema huwa anaandika habari anazosimuliwa na mabibi vizee: nani alimzaa nani, nani alihamia kutoka wapi, nani alizikwa wapi. Ana madaftari kumi na moja. Kuzikwa kwenyewe, akaongeza, anakuandika tu, maana makaburi anayaogopa tangu utoto. Msibani husimama mbali, migombani.

Mwalimu aliandika barua kumi na nne kwenda ofisi kumi na nne, na nauli ya kuzifuatilia akatoa mfukoni mwake. Kumi na tatu hazikujibiwa. Ya kumi na nne ilijibiwa na wajenzi wa barabara mpya.

"Wanataka mtu wa kuandika koo za watu," alimwambia.

Tusajigwe alilia pale pale. "Mwalimu, mshahara wangu wa kwanza ni wako."

Hiyo ya pili.

Lakini Mwalimu aliisoma barua yote, akamwambia nusu. Koo hizo zilikuwa za wafu. Barabara ilipita juu ya makaburi mia tatu, na alitakiwa mtu wa kuzunguka kwa familia akiuliza nani amelala wapi, ili kila mfupa uhame na jina lake. Tusajigwe aliyajua hayo alipofika na kuyaona mashimo yamepangwa mistari, wazi, yakinuka udongo mbichi. Mzee Lwitiko alimkuta amekumbatia mti.

"Ogopa, binti," alimwambia. "Ila andika."

Akaogopa, akaandika. Siku ya sita akaja mjane mmoja mzee ambaye mwanawe alizikwa bila alama miaka arobaini nyuma. Tusajigwe aliuliza familia ya kwanza, akauliza ya pili, akauliza ya tatu, akalipata kaburi. Akaandika jina kwenye kibao, akamkabidhi. Mjane alilitamka jina lile polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi. Siku hiyo Tusajigwe alijua hataki kazi nyingine duniani. Hofu haikuondoka. Alilala nayo, akaamka nayo, na asubuhi akatoka mbio kwenda kazini.

Bi. Subilaga akasikia mwanawe anafanya kazi gani. Alifika kule na khanga yake kiunoni, akamshika mkono mbele ya wachimbaji. "Hao wafu watakufuata mpaka kwangu. Iache leo." Akalinyakua daftari, akalichana. Tusajigwe akaokota karatasi matopeni, mojamoja, akabaki.

Kisha mvua. Amri ya kazi ile ilikuwa moja: ardhi ikilowa, hakuna anayesogelea shimo kabla mbao hazijawekwa ukingoni. Mzee Lwitiko alitaka kumaliza mstari kabla mvua haijakolea. Akasema mbao kesho. Tusajigwe aliinama asome jina lililofutika kwenye saruji, na ukingo ukaondoka naye.

Alitua kwa miguu. Kitu kilivunjika chini yake kama kuni kavu, akajua ni nini. Udongo ukamjia magotini, ukamjia kifuani. Alifungua mdomo kupiga kelele, udongo ukaingia. Juu aliona kipande cha mbingu kinapungua. Ndipo Mzee Lwitiko akaruka ndani, akamfukua kwa mikono, akamwinua mabegani. Naye Tusajigwe, ameng'ang'ania kola ya shati lake, alinong'ona, "Ukinitoa humu, baba, mshahara wangu wa kwanza ni wako."

Hiyo ya tatu. Alipotupwa nje, ukuta wa pili uliporomoka juu ya mguu wa mzee.

Siku chache baadaye mshahara ukatoka, na kazi ikasimamishwa kwa ajili ya masika. Hakuna mshahara mwingine kabla ya miezi minne.

Basi ndio hao sebuleni kwa Bi. Subilaga, juu yao turubai badala ya mabati, mvua inalichapa.

Bi. Subilaga alionyesha ukuta wa tope uliokwisha kuchimbika chini. Masika moja tu, akasema, utamwangukia usingizini. Mwalimu alisema chuo kimemnyima fedha, ana wanafunzi tisa wasio na pa kwenda, na mmoja hajatoka chumbani, leo siku ya sita, hafungui mlango. Ofisi za kuwaombea kazi ziko mbali, nauli hana. Mzee Lwitiko aliugusa mguu wake. "Daktari ametaja Ijumaa kuwa mwisho wa kulipia tiba. Ikipita Ijumaa, wanaukata."

"Ulimtuma mwanangu makaburini kwa uongo," Bi. Subilaga alimwambia Mwalimu, "leo unadai malipo ya uongo?"

"Ningemwambia, asingekwenda. Na wewe, mama, ulitaka aiache. Angekusikiliza, bahasha hii tungeigombania wapi?" Mwalimu akamgeukia mzee. "Na shimo lile nani aliliacha bila mbao?"

"Mimi," alisema Mzee Lwitiko. "Kosa langu, na mguu wangu. Nadai."

Tusajigwe akaiokota bahasha. Ilikuwa nyepesi. Mikono mitatu ikanyooshwa, mmoja wa aliyeuza mabati, mmoja wa aliyeandika barua, mmoja wa aliyeruka shimoni. Kila mmoja alimfungulia njia. Kila mmoja alikaribia kuifunga.

Msiniambie agawe, nimeshasema haumegwi. Msiniambie akope, hana wa kumkopesha. Msiniambie angoje, Ijumaa ni keshokutwa na mvua inanyesha. Mimi nimewapa hadithi nzima, sikuficha nusu. Sasa nawadai jibu, nalitaka hapa hapa: bahasha ile ilikuwa haki ya nani?