Safari ya Kupanda Treni Tu

Wapendwa, hebu tuliweke somo pembeni kidogo, niwape habari ya dada mmoja aliyemaliza safari nzima ya treni, akashuka hajaona kitu.

Dada huyu alikuwa akiishi na mama yake mzazi. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, haendi mahali bila kushikwa. Nani alikuwa anamshika? Dada. Nani anamwogesha, anamkorogea uji, anamkanda miguu kwa mafuta kila jioni? Dada huyo huyo. Mume wake alikuwa marehemu, watoto wameshaoa na kuolewa, na yeye mwenyewe mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akisema amechoka. Kina mama wa namna hiyo mpo hapa leo, ninawaona.

Sasa, alikuwa na mdogo wake wa kiume, anafanya kazi bandarini, anakuja nyumbani mara moja moja. Akija, nyumba inageuka sikukuu. Analeta mfuko wa matufaha, mama anayapakata kama mtoto mchanga. Mama anacheka kicheko ambacho dada huwa hakisikii kabisa kijana akiwa hayupo. Na dada yuko jikoni, anageuza samaki, moyo unamuunguza kuliko yale mafuta ya kikaangoni. Anajisemea, "Ninayeosha mashuka ni mimi. Anayechekewa ni yeye."

Siku moja kijana akaja na jambo jipya. Akasema, "Mama, nimekata tiketi. Tunapanda treni, sisi watatu."

Majirani wakauliza, "Kuna msiba?"

Mama akajibu, "Hakuna."

"Basi harusi. Mnakwenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu," mama akasema, na uso unang'aa. "Tunakwenda kupanda treni tu. Inakatiza mbuga ya wanyama, halafu inapanda milimani juu kabisa, madaraja na mahandaki. Mwanangu ndiye anayenipeleka."

Mnacheka. Lakini sisi si tumezoea hivyo? Mtu akisafiri pasipo msiba wala harusi, tunaona ana wazimu au ana hela za wizi. Basi kuna watu, ndugu zangu, wanaopanda treni kwa ajili ya treni yenyewe. Wanakaa dirishani, dunia inapita mbele yao, na hiyo ndiyo likizo yao.

Dada hakusikia habari za milima. Alisikia neno moja tu: *mwanangu ndiye anayenipeleka*. Na mimi je? Mimi ninayempeleka chooni, mimi si mwanawe?

Wakaondoka. Kijana alikuwa amekodi chumba kizima cha behewa, vitanda vya kulalia, meza ndogo, dirisha pana. Wakamkalisha mama dirishani. Kabla jua halijazama wakaingia mbugani, mara behewa zima likapiga kelele, "Twiga! Twiga hao!" Watu wakajazana madirishani. Mama naye anapiga makofi, "Mwanangu, njoo uone! Njoo uone jamani!"

Dada alikuwa ameinama anafuta meza kwa kanga. Akasema, "Nawasikia." Akafuta tena meza iliyokwisha kufutwa.

Mama akamwambia, "Acha hiyo meza, kuna mhudumu."

Mnajua alichowaza? Akawaza, hata kazi yangu mdogo wangu amenunua mtu wa kuifanya.

Asubuhi kijana akaleta chai kutoka behewa la chakula. Mama akaonja, akasema, "Ah! Chai tamu hii!" Basi. Ile chai ndiyo iliyommaliza. Dada akapanda kitanda cha juu, akajifunika kanga gubigubi, akageukia ukuta. Na wakati huohuo, wapendwa, treni ilikuwa inaanza kupanda ile milima ambayo watu wanatoka nchi za mbali kuja kuitazama.

"Dada, shuka uone daraja hili! Mto uko chini kama uzi!"

"Naumwa kichwa."

Chumba kikawa giza tititi, wameingia handakini. Wakatoka kwenye mwanga, mama akaguna kwa mshangao. "Mwanangu, shuka basi, shuka uone!"

"Nimeshaona milima maishani, mama. Tazameni nyie."

Akaziba masikio. Kila alipoitwa alisikia majigambo. Kila walipocheka alijua wanamcheka yeye. Hakusikia hata maporomoko ya maji yaliyokuwa yakinguruma pembeni ya reli. Yeye amegeukia ubao wa behewa, pua imegusa rangi, anahesabu moyoni mashuka aliyofua tangu mama augue.

Mchana kijana akatoka kwenda kufuata chakula. Dada akashuka, macho mekundu. Akasimama mbele ya mama yake, yakamtoka yote.

"Mama, leo nitasema. Mimi nakutunza mwaka hadi mwaka, sijawahi kusikia ukinisifu. Huyu anakuja na chai ya kikombe kimoja, unaita behewa zima. Kama yeye ndiye mtoto, niambie, nishuke stesheni inayofuata nirudi kwangu."

Mama akashika ukingo wa kiti. Akainama kwa taabu, akavuta kopo lililofichwa chini ya kiti, lina kifuniko. Akasema, "Fungua."

Dada akafungua. Yalikuwa matapishi.

"Tangu jana natapika," mama akasema. "Treni inanitia kizunguzungu. Tangu usichana wangu siipendi. Mdogo wako anamwaga ukiwa umelala, nimemwambia afanye hivyo ili usione."

"Sasa kwa nini umekubali akuletee safari hii?"

"Hakuniletea mimi. Nilimwomba mimi, akuletee wewe." Mama akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia, dada yako anakwisha. Mtafutie mapumziko. Akasema, nimpeleke hoteli. Nikamwambia hatakaa hotelini, atatafuta ufagio. Atakwenda jikoni kwao kuosha vyombo. Mtafutie mahali ambapo hakuna kazi hata akitaka, pa kukaa tu na kutazama. Ndipo akasema treni. Na wewe usingekubali kuniacha, kwa hiyo nikaja."

Dada akalifunika lile kopo. "Mbona hamkuniambia?"

"Ungekataa. Tangu lini wewe ukapokea kitu? Tukasema ni ya mama. Na mimi nilikuwa nakuita, mwanangu. Twiga nakuita, madaraja nakuita. Ulidhani nilikuwa namsifu mdogo wako? Nilikuwa nataka ugeuke."

Dada akakimbilia dirishani, akalishika kwa mikono yote miwili. Nje kulikuwa tambarare. Mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua makavu, ng'ombe wawili watatu.

"Milima iko wapi?"

"Tumeimaliza," mama akasema taratibu.

Kijana akaingia na sahani za wali, akawakuta wote wawili wanalia, asijue aweke wapi chakula. Na siku ile ile, waliposhuka mwisho wa safari, walirudi kwa basi, kwa barabara nyingine kabisa, maana likizo ya kijana ilikuwa inakwisha. Mwaka uliofuata miguu ya mama haikuruhusu tena kutoka nje ya kitongoji, na dada hakukubali kumwacha. Ile milima mpaka leo hajaiona.

Wapendwa, tusimcheke huyu dada. Mdogo wake hakumwibia kitu. Mama yake hakumbagua. Aliyemnyang'anya ile safari ni nani? Ni kijicho chake mwenyewe. Na kijicho hakikumjia kwa sura ya uovu, kilikuja na sababu nzuri, kilikuja na mashuka aliyofua kweli, na jasho lililomtoka kweli. Hicho ndicho kinachotupata sisi watu wa kanisani. Hatuwaonei wivu wenzetu kwa sababu sisi ni wavivu. Tunawaonea wivu kwa sababu tumefanya kazi, na tunaona sifa zimekwenda kwa mwingine. Mwenzetu akiitwa mbele, tunasikia tumesukumwa nyuma. Baraka ikipitia mkononi mwa mtu tusiyempenda, tunaukataa mkono na baraka yake. Mungu anaita, "Mwanangu, njoo uone," na sisi tunadhani anamsifu jirani.

Ni mambo mangapi mwaka huu umeyakunjia uso, kumbe yalikuwa yako? Ni wito gani umeujibu kwa kusema, "Tazameni nyie"?

Sitawaombeni mnyanyue mikono. Lakini kila mmoja wetu humu ndani analo jina la mtu moyoni, mtu aliyepata kitu tukanuna. Huenda yuko kwenye benchi la mbele yako sasa hivi. Kabla hatujasimama kuimba, mguse bega, umsalimie.