Mtumbwi Ulioelea Barazani kwa Waziri

Hapo zamani, katika mji wa kisiwani uliotawaliwa na Sultani Mbaraka, paliundwa ofisi tukufu ya kuandikisha vyombo. Waziri Badawi akaiweka juu kilimani, harufu ya samaki isimsumbue. Akajengewa chumba cha chini, cha kushukia kwa ngazi, kilichosakafiwa kwa chokaa, maana alipenda ubaridi.

Amri zake zilikuwa mbili tu, na zote nzuri. Chombo kisichoandikwa kisiguse bahari. Tena, chombo hakiandikwi mpaka Waziri akione kinaelea, naye yu kitini pake. Basi ikawa vyombo vyote vimelala mchangani, na ofisi haikukosea hata mara moja, kwani haikuandika kitu.

Mshangama, fukara aliyevusha watu kwa mtumbwi, ambaye mji mzima ulimwita mpumbavu, njaa alishaizoea. Kilichomkosesha usingizi ni mkewe Mwanaiki, mwenye mimba pevu, na mkunga anakaa ng'ambo ya maji. Akapanda kilimani.

"Bwana Waziri, mke wangu yu karibu kujifungua. Niruhusu nimvushe mkunga, kisha uniandike."

"Asubiri."

"Nani, bwana, mama au mtoto?"

"Wote wawili. Nionyeshe mtumbwi ukielea mbele yangu, nitauandika papo hapo."

"Hapo ulipokaa?"

"Hapa nilipokaa."

"Ahsante, bwana. Umenirahisishia."

Akarudi, akawaeleza majirani. Wanaume wakamcheka, hata hivyo wakaubeba mtumbwi mabegani. Wanawake hawakuuliza neno. Kila mmoja aliukumbuka uchungu wake, akajitwika mtungi wa maji ya kisima, wakapanda. Bi Time, ambaye goti lilimuuma, alibaki akimkanda Mwanaiki mgongo.

Waziri alikuwa amesinzia kitini, kama ilivyo ada ya wenye kazi nyingi. Alipoamka, maji yamemfika magotini, na mtumbwi unamgonga kiti taratibu.

"Nani amekuruhusu kuleta bahari ofisini?"

"Si bahari, bwana, ni maji ya kisima. Bahari umeikataza."

Kelele zikamleta Sultani. Akasimama ngazi ya juu, akasikiliza yote.

"Amri hiyo niliipiga muhuri mimi?"

"Naam, seyyidi. Uliisifu sana."

Sultani akaona haya, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea. "Waziri, unauona mtumbwi?"

"Nauona, seyyidi."

"Unaelea?"

"Unaelea."

"Basi uandike. Kuanzia leo ofisi yako iko ufukweni. Na sasa hivi ukashike kafi, mkunga anangojwa."

Mtumbwi ukateremshwa pwani, Mshangama akaongoza nyuma, Waziri akapiga kafi mbele. Wakati wa kurudi, mkunga akamtazama weee, akamuuliza, "Bwana, unavusha watu au unakoroga uji?"

Jua halijazama, Mwanaiki akajifungua binti. Waziri alikuwa nje, akipuliza malengelenge ya viganja, Mshangama alipomtokea na mtoto kifuani.

"Bwana, huyu naye aelee kwanza?"

"Hapana," akasema Waziri kwa upole. "Huyu nimemwona."

Nami hekaya yangu naifunga kamba papo hapo, ufukweni.