Zimwi Lililomeza Kelele za Bonde

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na watu wangapi?

Palikuwa na mmoja tu!

Basi huyo mmoja aliitwa Mbuke. Alikuwa mjane, hana mtoto, na jirani zake walikuwa wamehamia mbali. Alilima mtama bondeni peke yake. Mtama ukianza kuzaa alipanda juu ya dungu, akakaa huko kutwa nzima na kombeo lake akifukuza ndege. Ninyi mnaonuna mkitumwa maji, jaribuni kukaa juu ya dungu siku moja bila mtu wa kusema naye!

Upande wa pili wa bonde, juu ya mwamba mtupu, lilikaa Zimwi. Mwamba ule haukuwa na mti, haukuwa na nyasi, haukuwa hata na mjusi.

Siku moja kwelea walishuka shambani. Mbuke akarusha mawe mpaka bega likamuuma. Zimwi likaita kutoka mwambani:

"Mbuke, ee Mbuke! Nimeze, nisimeze?"

"Meza!"

Likafumbua kinywa, likavuta pumzi, na ndege wote wakaingia tumboni.

Siku moja mchwa walikula nguzo ya dungu, Mbuke akaanguka chini pu!

"Mbuke, ee Mbuke! Nimeze, nisimeze?"

"Meza!"

Mchwa nao wakaenda.

Siku moja vyura wa kidimbwini walimpigia kelele mpaka kichwa kikamgonga.

"Mbuke, ee Mbuke! Nimeze, nisimeze?"

"Meza, meza wote!"

Basi bonde likanyamaza. Siku ya kwanza Mbuke alilala mchana kweupe, akakoroma. Siku ya pili alijikuta anasikiliza. Siku ya tatu alikohoa makusudi, ili asikie kitu.

Msimu mpya ukafika. Mbuke akapanda mbegu zake zote. Nyingine hana, na wa kumwomba hana. Mtama ule ukikataa, amekufa njaa.

Ukakataa. Mvua ilinyesha ikapita juu juu. Miche michache iliyoota ilivamiwa na viwavi, maana hapakuwa na wa kuwadonoa. Mbuke akapiga magoti shambani.

"Udongo, udongo, una nini?"

"Mchwa walikuwa wananitoboa, mvua ikaingia. Sasa nimekuwa mgumu, mvua inanipita."

Akaenda kidimbwini.

"Maji, maji, una nini?"

"Watoto wa vyura walikuwa wanakula ukungu wangu wa kijani. Sasa nanuka."

Akatazama juu.

"Jua, jua, una nini?"

"Mimi sina kitu. Nawaka kama jana. Lakini nilizoea kupokewa na ndege asubuhi. Sasa namchomozea nani?"

Mbuke akalia sana. Alijua mwenye kosa ni yeye aliyesema "Meza!" Kisha akafuta machozi, akasema, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akaupanda mwamba.

Akalikuta Zimwi limelala chali, mikono juu ya tumbo, linatabasamu.

"Rudisha," Mbuke akasema.

"Sirudishi! Miaka yote nimekaa hapa sina wa kunisemesha. Sasa weka sikio."

Mbuke akaweka sikio tumboni. Ndege walikuwa wanaimba, lakini chinichini, kama mtoto mwenye homa.

"Wanakufa," akasema.

Zimwi likaketi upesi. "Wanataka nini?"

"Udongo."

Zimwi likanyoosha mkono bondeni, likabugia udongo. Sauti zikazidi kufifia.

"Wanataka nini tena?"

"Maji."

Zimwi likanywa maji ya kidimbwi. Vyura wakaguna mara moja, wakanyamaza.

"Mbuke! Wanataka nini tena?"

"Jua. Na jua halimezwi. Fumbua kinywa, liingie lenyewe."

Zimwi likageukia jua, likafumbua kinywa mpaka taya zikalia. Mwanga ukashuka kooni. Kule ndani ndege mmoja akauona, akaufuata. Wakatoka wawili, wakatoka mia, wakatoka wote. Vyura wakaruka nyuma yao, mchwa wakatoka kwa mstari mrefu.

Zimwi lingeweza kufumba kinywa, wanangu. Halikufumba. Lilikuwa linalia tu.

Ndege wakashukia viwavi. Mchwa wakatoboa udongo. Mvua iliyofuata ikazama, na miche iliyobaki ikasimama. Mbuke akavuna kidogo, lakini alikula. Dungu jipya nalo likaliwa nguzo, na safari hii alitukana tu, akachonga nyingine.

Lakini siku ile ndege walipotoka, kabla Mbuke hajashuka mwambani, Zimwi lilimuuliza, "Mbuke, watarudi?"

"Sijui. Ila ukifumba kinywa, hawatarudi kabisa."

Basi Zimwi likakaa kinywa wazi, linangoja. Likakaa masika, likakaa kiangazi, likakaa mpaka likageuka jiwe.

Mwaka uliofuata mbayuwayu wawili wakaingia mle kinywani na matope mdomoni, wakajenga kiota, wakaangua watoto wanne wenye kelele nyingi. Zimwi halikusikia. Hapo huwa nalihurumia, ingawa ni zimwi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na njaa asonge ugali, aliye na machozi apenge kamasi. Na funzo lake ni hili: udongo, maji na jua vinawahitaji viumbe, na viumbe wanavihitaji hivyo. Ukiwatenganisha, wote wanakufa, na wewe unabaki peke yako.