Aliyemrudisha Mwalimu Naetwe

Sogeeni, na kila mmoja asikilize kwa kichwa chake mwenyewe, kwa sababu nikifika mwisho mimi nitanyamaza na kazi itabaki kwenu.

Juu kule Upare, mahali panapoitwa Kivindu, palikuwa na nyumba ya wazee yenye vitanda ishirini na sita. Wahudumu walikuwa kadhaa, lakini watatu kati yao walikuwa na vipaji vilivyozungumzwa hata katika vijiji vya jirani.

Wa kwanza alikuwa Nakijwa, na kipaji chake kilikuwa mikononi. Alijua kumwinua mtu mzima kitandani bila kumwumiza na kumwosha bila kumwaibisha, na kidonda akikishughulikia yeye kilifunga. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Zamani, akiwa msichana, alipata nafasi ya kusomea uuguzi. Wiki ileile baba yake akapooza, akabaki kumuuguza, na nafasi ikapita. Tangu hapo aliitwa mhudumu tu. Kila alipokuja muuguzi kijana kutoka zahanati, amevaa sare nyeupe, Nakijwa alimpokea vizuri na kumpa kiti, lakini moyoni kuna kitu kilimchoma.

Wa pili alikuwa Eliamini, na kipaji chake kilikuwa masikioni. Aliwahi kuwa fundi redio, na watu walisema alikuwa akitambua ubovu kwa kusikiliza mlio kabla hajafungua kasha. Pale Kivindu aliwasikiliza wazee vivyo hivyo. Mzee aliyepoteza ulimi kwa kiharusi, wengine wakisikia mguno, Eliamini alisikia neno.

Wa tatu alikuwa Mwanahawa, mwenyeji wa Pangani, msichana wa miaka ishirini na minne aliyekuwa na miezi minane tu pale. Kipaji chake kilikuwa jikoni. Hakukuwa na mzee aliyekataa chakula cha mkono wake.

Siku moja akaletwa bibi mmoja, Mwalimu Naetwe, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na sita. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia, hasemi, hali, na nyongani alikuwa na kidonda cha kulala muda mrefu, kipana kama kisosi. Mpwa wake aliyemleta aliaga kama mtu anayetoka makaburini. Daktari alipopita alimwambia msimamizi wa nyumba, Mama Mfinanga, wamtunze tu asipate maumivu.

Nakijwa alianza na kidonda. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, kushoto, kulia, na kurudi kushoto, hata siku yake ya mapumziko alipita kuhakikisha kwamba wenzake wamemgeuza. Alikisafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa, akakifunga taratibu, akaweka mito pale ambapo mfupa uligusana na godoro. Mwezi wa kwanza hakuona kitu. Mwezi wa pili nyama nyekundu ilianza kupanda kutoka chini. Mwezi wa tatu kidonda kilifunga, pakabaki kovu laini.

Eliamini alianza na ile sauti. Mchana kutwa Mwalimu alikuwa akiguna, na wazee wa vitanda vya jirani walilalamika kwamba anawachosha. Eliamini akavuta kigoda akaketi. Siku ya tatu alitambua kwamba miguno ile ina mpangilio: mguno, kimya kifupi, mguno mwingine, kimya kifupi, kana kwamba anasubiri kitu. Mwalimu alikuwa anaita majina ya darasa. Mguno uliofuata, Eliamini akajibu, "Nipo, Mwalimu." Bibi akageuza macho akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Basi kila siku saa nne asubuhi Eliamini alikuwa darasa zima, akiitika jina baada ya jina, na miguno ikaanza kupata herufi, kisha maneno.

Mwanahawa alianza na uji. Aliuonja ule ambao Mwalimu alikuwa akiutema, akasema, "Huu ni uji wa mtoto. Huyu ni mtu mzima." Akapika makande, akayalainisha mpaka yakawa mazito kama maziwa mgando, akatia chumvi kidogo na kitunguu kilichokaangwa. Alimlisha kijiko kimoja kimoja, akingoja koo limeze kabla ya kuleta kingine. Mlo mmoja ulichukua saa nzima. Baada ya wiki sita mashavu ya Mwalimu yalijaa, na mkono wake wa kushoto ukapata nguvu ya kushika kijiko wenyewe.

Mpaka hapo watatu hawa walikuwa wakifanya kazi kama vidole vya mkono mmoja. Kisha ikaja barua.

Mama Mfinanga aliisoma mbele ya wote. Wakaguzi kutoka mkoani walikuwa wanakuja kupima huduma ya nyumba: vidonda, chakula, usafi, na jinsi wazee wanavyosemeshwa. Safari hii wangemchagua mhudumu mmoja, yule aliyebadilisha zaidi hali ya mzee mmoja, aende chuo cha uuguzi miaka miwili, kisha arudi kuwa muuguzi mkuu wa Kivindu. Nafasi ilikuwa moja. Hakuna aliyeuliza mzee mwenyewe ni nani. Wote walitazama kitanda cha Mwalimu Naetwe.

Nakijwa alitoka nje akajifanya anaanua shuka. Miaka arobaini na minne aliyokuwa nayo haikuwa mingi kwa chuo, alijiambia, lakini nafasi ya tatu haingekuja.

Kesho yake asubuhi alikuwa akimwosha Mwalimu mgongo. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kitambaa laini, kovu limekauka vizuri. Mwalimu akafumbua midomo, na kwa mara ya kwanza akasema maneno matatu mfululizo, wazi kabisa.

"Mwanahawa yuko wapi?"

Mkono wa Nakijwa ulisimama. "Yuko jikoni, Mwalimu," alijibu, akaendelea kuosha. Lakini tangu saa ile hakuwa mtu yuleyule. Alijiuliza ni mara ngapi amembeba mwanamke huyu kifuani kwake, na jina lililotoka ni la binti wa juzi mwenye sufuria. Mwanahawa akicheka, Nakijwa aliona kicheko ni kirefu mno. Mwanahawa akimwambia, "Dada Nakijwa, pumzika, nikusaidie kutandika," yeye alisikia, "Dada Nakijwa, umezeeka." Hata Eliamini alimuudhi, na lile darasa lake ambalo kila mgeni aliitwa kuja kulitazama. Kidonda kilichofunga hakuna anayeitwa kukitazama.

Akaanza kumwinda Mwanahawa. Alitaka kosa, kosa moja lenye uzito, la kumnong'oneza mkaguzi.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, wakati wa chakula cha mchana, alisimama nyuma ya mlango wa ukumbi ulioachwa wazi kidogo. Alimwona Mwanahawa akimlisha Mwalimu, na pembeni yao Mzee Mrutu, mmoja wa wazee wa nyumba ile, akila muhogo wa kuchemsha. Mara upande wa pili wa ukumbi bibi mmoja akajimwagia chai ya moto mapajani, akalia. Mwanahawa akaacha kijiko akakimbia kumsaidia.

Sheria ya nyumba ilijulikana na kila mtu: mgonjwa wa kiharusi haachwi peke yake mezani. Nakijwa aliona kiti kitupu kando ya Mwalimu, akafurahi. Nimempata, alijisemea. Kisha akaona mkono wa kushoto wa Mwalimu, ule uliopata nguvu, ukinyooka kuelekea sahani ya Mzee Mrutu na kuchukua kipande cha muhogo. Hapo ndipo angeweza kupaza sauti. Hakupaza. Alisubiri, si kwa muda mrefu, labda mvuto mmoja wa pumzi au miwili, ili kosa likamilike.

Mwalimu akatia muhogo kinywani. Uso ukabadilika. Macho yakamtoka, midomo ikaanza kuwa ya bluu, na hapakuwa na sauti yoyote, hata mguno.

Nakijwa aliusukuma mlango na kabla mtu mwingine hajaelewa alikwisha kufika. Akamwinamisha mbele juu ya mkono wake mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili akampiga katikati ya mabega. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne kipande kikaruka. Mwalimu akavuta hewa na kuanza kukohoa, na Nakijwa akakaa chini sakafuni, akimkumbatia.

Mwanahawa alilia mpaka jioni. "Umeniokoa, dada," alirudia. Nakijwa alikwenda kutandika vitanda.

Wakaguzi walipofika waliongozwa na Bi Kalunde, mama mnene mwenye miwani, mpole wa sauti, asiyeruka swali hata moja kwenye fomu yake. Alikagua magodoro kwa kubonyeza, akaonja chakula, akavua kiatu kuona kama sakafu ya bafu inateleza. Kisha akaketi ukumbini na wazee wote na kuuliza ni nani aliyemrudisha Mwalimu Naetwe. Karibu wote walimtaja Nakijwa. Walisimulia habari ya muhogo kama watu wasimuliavyo ajali waliyoiona.

Mwanahawa akasimama. "Kosa lilikuwa langu, mama. Nilimwacha mezani. Bila dada Nakijwa, leo tungekuwa msibani."

Bi Kalunde akaandika, akapitisha kidole kwenye orodha ya zamu, kisha akainua macho. "Nakijwa, zamu yako siku hiyo ilikuwa wodini. Ulikuwa unafanya nini mlangoni?"

Nakijwa angeweza kusema alikuwa anapita. Hakuna ambaye angebisha. Alimtazama Mwanahawa, aliyekuwa bado amesimama, macho yamevimba, na hasira yote aliyoibeba wiki zile haikupata mahali pa kukaa.

"Nilikuwa namvizia," alisema. "Nilikuwa nasubiri akosee nije nikuambie wewe. Nilimwona Mwalimu akichukua muhogo. Ningeweza kuita mapema. Nilinyamaza kidogo kwanza."

"Kwa nini?"

"Wivu, mama. Mwalimu alimtaja yeye, hakunitaja mimi."

Eliamini aliinamisha kichwa. Mwanahawa aliketi polepole, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu mwingine mwenye jina lake.

Ndipo wazee wakaanza kubishana. Mzee Mrutu alisema nafasi apewe Mwanahawa: yeye aliondoka mezani kwa huruma, si kwa uzembe, na hata kosa lake alilisema bila kuulizwa. Bibi wa kitanda cha tisa akamjibu kwamba huruma isingemfufua Mwalimu; aliyefunga kidonda na kurudisha pumzi ni mmoja, na mikono haijui wivu hata kama moyo unaujua. Mwingine akasema apewe Eliamini, ambaye hakumtega mtu wala kumwacha mtu. Hapo Mzee Mrutu akaruka tena. "Hakumwacha mtu? Saa ileile ya darasa lake mimi nililala nimelowa, nikamwita mara tatu. Alikuwa anaitika majina ya watoto wasiokuwepo." Eliamini hakukanusha.

Bi Kalunde akamgeukia Mwalimu Naetwe. "Mwalimu, wewe ndiye unayejua. Sema ni nani, nami nitaandika."

Mwalimu alikaa muda mrefu akiyakusanya maneno. Aliyatoa moja moja.

"Aliye bora... ukimwandika... anaondoka?"

"Ndiyo, Mwalimu. Miaka miwili. Kisha anarudi."

"Mimi nina miaka themanini na moja," alisema Mwalimu. Akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine. "Miwili hiyo... nani atanigeuza? Nani atanisikia? Nani atanilisha?"

Akafumba macho, akakataa kusema zaidi.

Bi Kalunde alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Nje dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari, kwa sababu barabara ya milimani huwa mbaya mvua ikianza, na mawingu yalikuwa yamefika. Kwenye fomu palikuwa na mstari mmoja mtupu, wa jina moja. Hakuruhusiwa kuandika mawili, wala kuuacha wazi, maana nafasi isiyojazwa ilipelekwa nyumba nyingine.

Nakijwa alisimama karibu na dirisha, mikono ameificha ndani ya aproni. Alikuwa bado anaitaka nafasi ile. Aliitaka kuliko siku zote, na safari hii hakujua kama anastahili hata kuitazama kalamu.

Basi hapo ndipo niwaachapo. Yuko mwenye mikono, aliyefunga kidonda na kuokoa pumzi, akanyamaza pale aliposhikwa na wivu, kisha akasema ukweli ambao hakuna aliyeujua. Yuko mwenye masikio, aliyerudisha ulimi wa mmoja huku mwingine akimwita asisikie. Yuko mwenye kijiko, aliyerudisha nguvu, na ni nguvu hiyohiyo iliyofikia sahani ya jirani alipogeuka kumsaidia mwingine. Na yuko Mwalimu, ambaye jina lolote likiandikwa atampoteza mmoja wa wale wanaomweka hai.

Bi Kalunde amekupa wewe kalamu. Utaandika jina la nani, na utamwambia nini Mwalimu Naetwe atakapofumbua macho?