Kwa Nini Anayeshindwa Kitendawili Hutoa Mji

Mkitega vitendawili mnadaiana miji kana kwamba kila mmoja wenu amezaliwa na mitatu mfukoni. "Nipe mji!" mnasema, na mwenzenu anatoa Mombasa nzima bila hata kupepesa jicho. Leo mmeniuliza desturi hii ilitoka wapi, nami nimefurahi kuulizwa. Sogeeni basi, na mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna.

Ulikuwako wakati ambapo vitendawili havikujulikana, na mtoto mwenye akili alikuwa ni yule anayerudisha maneno vilevile alivyoyapokea. Katika mji wa Mkungumani hakuna aliyeiweza kazi ya kufunza maneno kama Bi Zuwena. Watoto ishirini na wawili walikaa mkekani kwake kila asubuhi. Maneno aliyowapa aliyatia mahadhi, wakayaimba huku wakiyumba, mpaka yakawakaa kichwani yasitoke tena. Hakuna aliyeuliza maneno hayo yanasema nini, na Bi Zuwena mwenyewe hakuuliza. Aliwapenda sana watoto wale, na walipoimba pasipo kukosea hata neno moja, alishinda akitabasamu mpaka jioni.

Mkuu wa mji ule alikuwa Jumbe Makame, mtu mwema ila ulimi wake haukuwa na breki. Jumatatu moja alialikwa harusini Kitongani, mji wa jirani, na aliposhiba pilau akaanza kujipiga kifua. Watoto wa kwake, alisema, hakuna neno linaloweza kuwashinda. Jumbe wa Kitongani, aliyeitwa Hatimu, akamjibu kwa upole kwamba atawapelekea neno moja tu. Wakishindwa kulieleza ifikapo Ijumaa, Makame atatoa mji wake. Wakiliweza, yeye Hatimu atatoa wa kwake. Mtu aliyeshiba huwa jasiri, basi Makame akakubali mbele ya harusi nzima.

Jumanne mjumbe alilileta neno lenyewe. "Mgeni wangu habishi hodi. Mlango nikiufunga, yeye anapita. Mwenye njaa humpenda, aliyeshiba hamjali, na mwenye mafua hajui kama amefika."

Bi Zuwena alifanya lile alilolijua. Alilitia mahadhi. Adhuhuri ilipofika watoto walikuwa wakiliimba vizuri hivi kwamba hata wanawake waliokuwa wakikuna nazi jikoni waliitikia. Jumatano ikapita kwa nyimbo. Alhamisi asubuhi Jumbe Makame akaja mwenyewe, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Mashallah, mmeimba," alisema. "Sasa huyo mgeni ni nani?"

Watoto wakamwimbia tena tangu mwanzo.

Jumbe alimtazama Bi Zuwena, akaondoka. Bi Zuwena akabaki amesimama. Nyumba alimozaliwa, makaburi ya wazazi wake, hata kile kiwanja cha mkeka wake, vyote kesho vingekuwa mali ya Kitongani. Aliogopa, tena kuliko hofu aliona haya, kwa kuwa hata yeye hakumjua huyo mgeni, na alikuwa amemwimba siku mbili.

Akawaambia watoto waliseme lile neno taratibu, bila wimbo, na kila kipande akawasimamisha. "Mlango umefungwa," aliwauliza. "Nani anaweza kupita?" Watoto wakatazamana. Hawakuzoea kuulizwa kitu, wakadhani wamekosea. Mwishowe mmoja akanong'ona kwamba ni mwizi. Bi Zuwena alitaka kusema siyo, akajizuia, akauliza kama mwizi hupendwa na mwenye njaa. Wakacheka wote, mwizi akatolewa nje. Mwingine akasema upepo. Upepo ulipita mlangoni vizuri, lakini walipofika kwa aliyeshiba wakakwama, maana siku ya joto hata aliyeshiba huutaka upepo.

Hapo Bi Zuwena akakumbuka yule mwenye mafua, ambaye wao wote walikuwa wamempita wakiimba. Akamgeukia Mize, msichana wa miaka sita aliyekuwa akivuta kamasi tangu Jumapili.

"Mize mwanangu, tangu ushikwe na mafua, kitu gani kinakuja kwenu usikijue?"

Mize akafikiri, akajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Chakula, Bibi. Jana mama kakaanga samaki, mie sikujua mpaka nikamwona sahanini."

Mtoto mmoja akaruka, na wa pili, na mkeka mzima ukapiga kelele, "Harufu! Harufu ya chakula!" Bi Zuwena hakuwaachia hapo. Wakaipitisha harufu kila kipande, mlangoni, kwa mwenye njaa, kwa aliyeshiba, na kote ikapita. Bi Zuwena akalia mbele yao, wala hakuficha machozi.

Ijumaa baada ya sala Hatimu alifika na watu wake, na njiani alikuwa ameshachagua nyumba atakayohamia. Mize akasimama, akatoa jibu, na wenzake wakalieleza kipande kwa kipande. Hatimu alikuwa muungwana. Alivua kofia, akasema, "Kitongani ni yenu." Nyuso za watu wake zikasawijika, na Jumbe Makame akafungua mdomo kuupokea mji. Lakini Bi Zuwena alikuwa ameshaonja utamu wa kuuliza.

"Watoto, mmepewa mji," alisema. "Mtaufanyia nini?"

Wakanong'onezana kwa muda. Kisha Mize akamwendea Hatimu. "Tutakwenda kutembea, Jumbe. Tusalimiwe, tule, halafu turudi kwetu. Mama zetu watatutafuta."

Hatimu alicheka mpaka akakaa chini. Alasiri ile watoto ishirini na wawili walikwenda Kitongani, wakasalimiwa nyumba hadi nyumba, wakala wakashiba. Kabla ya kuondoka waliwaita watoto wa pale, wakawapa jibu na kuwaonyesha walivyolifikia. Magharibi ilipoingia mji ulikuwa umerudi kwa wenyewe.

Na tangu siku hiyo anayeshindwa kitendawili hutoa mji, na anayepewa huutembelea kwa maneno, akala, akanywa, akasifiwa, kisha akalitoa jibu. Kwa hiyo mwenzako akishindwa, chukua mji wake ufurahi nao. Lakini usilale nao. Mrudishie pamoja na jibu, umwonyeshe na njia uliyopita, ili kesho akiulizwa na mtu anayeutaka mji kweli, asimwimbie.