Mfarishi wa Melimeli Usio na Kivuli

Mji wa Durari, katika zama zake za fahari, ulitawaliwa na Sultani Sharwani bin Mahdhar, mwenye majumba na mabustani na majeshi, na juu ya utajiri wote huo hakuwa na usingizi, siku arobaini hajafumba jicho, akawa mkali hata paka wa jumbani wakimkimbia. Mnajimu akapiga ramli akanena, "Maulana, usingizi utakurudia siku utakapojifunika mfarishi wa melimeli nyeupe, usio na kivuli hata kimoja ndani yake."

Akaitwa Mwanatumu binti Haji, mjane mwenye umri wa miaka ishirini, fundi wa kushona mifarishi ya pamba, naye akaja na mwanawe Shekue mgongoni, wa miezi minne, asiyejua kitu ila ziwa.

"Mafundi waliokutangulia walitoroka," akasema Waziri Shamlani. "Wewe hutatoroka, maana mtoto atabaki hapa kwa yaya. Una siku saba, mwanangu. Kikionekana kivuli, humwoni tena."

"Bwana, ananyonya huyu!"

"Yaya ana maziwa."

"Hana yangu!"

Wakamchukua, na Mwanatumu akabaki chumbani na jora la melimeli na gunia la pamba, akishika sindano akiiacha, akienda mlangoni akirudi, kila kilio akidhani ni cha mwanawe, na maziwa yakimlowesha nguo.

Na melimeli ile, wee! Nyepesi kama mvuke wa uji, yaonyesha kila kilicho nyuma yake: pindo likiwa pana laonekana kama mshipa, uzi uliosahauliwa ndani waonekana kama unywele kwenye maziwa. Nao mafundi wa Durari wana desturi ya kutia ndani ya mfarishi kipande cha kaniki, ile nguo nyeusi aliyopokelewa nayo mtoto alipozaliwa, kwa baraka. Mkono wake ukakitia kwa mazoea, na siku ya tatu akakiona kimekaa katikati kama jicho jeusi, akalia, akafumua yote. Akaanza upya, akapunguza pindo hadi upana wa punje ya mtama, akatia bitana ya melimeli ile ile, na pamba akaichambua hata vumbi la mbegu.

Siku ya saba, jua limepanda, akauinua mfarishi dirishani. Kivuli! Kadiri ya kidole, pembeni. Akafumua, hamna kitu. Akashona, akainua, kivuli kimehamia katikati.

"Ala! Kitambaa hiki kinanichezea."

"Si kitambaa, ni mimi," ikasema sauti ndani ya pamba. "Naitwa Kashrani, katika majini walao usingizi. Wa Sultani ninao shavuni, naumung'unya kidogo kidogo, na kila mfarishi ajifunikao, mimi humo. Usipige kelele, mama Shekue. Nifunike kwa kiraka cha nguo nzito nisionekane, nami nitakuletea mwanao sasa hivi."

Mkono wake ukawa umeshafika kwenye mkasi akate kiraka. Kisha akawaza, na kuwaza kwenyewe kulikuwa kwa mbio: kiraka nacho kitaonekana, na aombaye kufichwa ana la kuficha, na mwanangu mikononi mwa huyu, la, la!

"Sawa, bwana mkubwa, tulia hapo nikupime," akasema kwa kubembeleza, na sindano ikaingia, kila tundu na bismillahi yake, maana mshono wa bismillahi jini haupenyi. Akashona mstari mbele yake. Jini akakimbilia kushoto, Mwanatumu akamwona, akashona kushoto. Jini akarudi nyuma, Mwanatumu akamwona, akashona nyuma. Na melimeli iliyomtesa siku saba kwa kutoficha kitu haikumficha jini pia, hata jini akabaki katika kijumba cha upana wa kiganja.

"Nifungulie, ewe mwanamke!"

"Apa kwa pete ya Nabii Suleimani kwamba utautema usingizi wa watu, na mji huu hutauingia tena."

"Naapa! Lakini nipeleke kwa mwenyewe, maana usingizi hautemwi hewani."

Akaukumbatia mfarishi, akakimbia barazani kwa Sultani. Waziri akautazama, akacheka. "Kivuli hicho, peupe! Mtoto umeshampoteza."

"Maulana," akasema Mwanatumu, akipiga goti, maneno yakimtoka bila pumzi, "kivuli hiki ndicho mwizi wako, nimemfunga, nipe kitambo kidogo tu, kisha unifanye utakavyo," na akamfunika Sultani mabega, akakata uzi mmoja. Moshi ukatoka, ukautema usingizi, ukatokomea. Sultani akapiga mwayo uliosikika hadi sokoni, akalala papo hapo kitini.

"Mwanangu!"

"Hatoki bila neno la Sultani," akanong'ona Waziri.

"Sultani amelala."

"Basi ngoja aamke."

Ndipo Shekue huko ndani akaisikia sauti ya mamake, akapiga ukelele wa njaa na wa haki. Kope za Sultani zikacheza. Siku arobaini na zaidi hakulala, akiamshwa sasa nani atajibu? Waziri akavua viatu, akakimbia kwa ncha za vidole, kilemba kikamdondoka, akarudi amemshika mtoto mbali na kifua kama chungu cha moto.

"Mchukue, mwanangu, mpe ziwa, jamani, mpe ziwa!"

Akampa, pakawa kimya.

Sultani alilala siku tatu. Alipoamka akaelezwa yote, akamtunukia Mwanatumu nyumba na dhahabu, kisha akaomba kumwoa.

"Nakubali, maulana, ila mtoto halali chumba kingine."

"Analia usiku?"

"Analia sana."

"Na alie," akasema Sultani. "Mimi nimeshajua kulala."

Wakaoana kwa shangwe, na Mwanatumu, bibi wa jumba lote, aliendelea kuamka mara tatu kila usiku, akiweka kidole puani pa mwanawe asikie pumzi, ndipo alale. Basi msikilizaji, akuombaye umfiche, mwinue kwanza kwenye mwanga. Na mtoto wa mwenzio usimweke rehani, maana kilio chake kitakukimbiza peku mbele ya watu.