Mzee wa Meza ya Kona

Ndugu zangu, kulikuwa na mama mmoja aliyeingia chuo kikuu akiwa tayari ana mjukuu.

Siku ya kwanza alipoingia darasani, vijana walinyamaza ghafla wakidhani ndiye mwalimu. Walipogundua, wakacheka, wakamwomba radhi, na tangu hapo ikawa "Shikamoo, mama!" kuanzia mlangoni hadi viti vya nyuma. "Marahaba, marahaba." Nao wanapita. Hakuna aliyemwambia, "Mama, sogea nikae." Kazi za makundi zikigawanywa, alibaki akizungusha kalamu mpaka mwalimu ampachike mahali, kama kiraka. Mchana alikula wali wake wa hotpoti kwenye ngazi, nyuma ya maktaba.

Heshima ni nzuri. Lakini nani kati yenu amewahi kuishiba?

Kwenye kona ya kantini alikaa mzee mmoja mwenye mvi, koti limepigwa pasi, kalamu mfukoni. Mama alijua tu huyo ni mhadhiri. Kila asubuhi akichukua chai yake, anainama kidogo: "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeshazoea hapa?"

"Nimezoea." Anaondoka upesi, asije akampotezea mkubwa muda wake.

Mwisho akachoka. Asubuhi moja alifunga begi, akaliacha kitandani, akaenda kunywa chai ya kuagia. Meza ya kona ilikuwa tupu.

"Mwalimu wenu leo hajaja?" akamwuliza muuza chai.

"Mwalimu gani?"

"Yule mzee wa koti."

"Aa, yule! Mwanafunzi yule, mwaka wa kwanza kama wewe. Ameacha chuo, jana kaniaga. Ananiambia, 'Mwanangu, chuo kizima kinaniamkia, ila sijapata mtu wa kunywa naye chai.'"

Mnaona? Kile ambacho wale vijana walimfanyia mama, naye alimfanyia mzee, kila asubuhi, tena kwa adabu. Mzee alikuwa akimwuliza, naye anajibu huku anatembea.

Mama akaketi kwenye meza ile. Akapita binti wa darasani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa tunywe chai."

"Mimi?"

"Kwani nimemtazama nani?"

Binti akatazama simu, akatazama kiti. Akakaa. Begi lilifunguliwa jioni ile. Lakini mzee hakurudi.

Sasa sisi. Ibada ikiisha tutashikana mikono pale mlangoni, "Bwana asifiwe," "Amina," kila mtu mbio kwake. Una sufuria jikoni, najua. Hata mimi ninayo. Lakini yule wa benchi la nyuma, ambaye tunaamini hana shida kwa sababu nguo zake zimenyooka, nani amemwuliza habari akasimama kusubiri jibu? Leo usimpe mkono tu. Mpeleke kwenye hiyo sufuria. La sivyo, Jumapili moja tutatazama lile benchi na kuulizana, "Yule mgeni wetu leo hajaja?"